Doa jeusi chini ya wayo wa baba mkwe: ni sugu, ni mwiba, au kuna jambo?

NyarAhero (mwanzilishi wa uzi)

Hamjambo wanajukwaa. Nimeolewa upande wa Ahero, boma letu liko karibu na mifereji ya mpunga. Naomba ushauri kuhusu mzee wetu, baba mkwe, mwenye miaka 67.

Chini ya wayo wa kushoto, kuelekea kisigino, ana doa jeusi. Mimi mwenyewe sijaliona kwa macho, mnajua mke wa mtoto hawezi kumkagua mzee miguu. Aliyeliona ni mwanangu wa darasa la nne, ambaye humwagia babu yake maji ya kunawa akitoka shambani. Akaja jikoni akaniambia, "Mama, babu ana wino mguuni na hautoki."

Mume wangu alipokuja wikendi akampima kwa rula ya mtoto: sentimita moja na nusu hivi. Anasema katikati ni jeusi tititi, pembeni kahawia, na upande mmoja umechongoka kama umemwagika. Mzee anadai ni mwiba uliomchoma mvua za masika za mwaka juzi ukaozea ndani. Mama mkwe anasema amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Haliumi. Lakini zamani lilikuwa dogo, na majuzi soksi ilitoka na damu baada ya yeye kulikwangua kwa wembe. Mtu wa kemisti alimpa dawa ya fangasi, amepaka mpaka tyubu imeisha, hakuna kilichobadilika.

Maswali yangu: hii inaweza kuwa nini? Tumpeleke wapi? Na tumwambieje mzee ambaye hajalazwa hospitali tangu azaliwe? Picha siweki, mguu wa mzee si wa kutembezwa mtandaoni.

Omera_Kondele

Shemeji, punguza wasiwasi. Mtu aliyelima mpunga miaka arobaini lazima wayo uwe na historia. Hiyo ni sugu imeingia tope. Kansa ya ngozi ni ugonjwa wa wazungu, wao ndio huungua na jua. Sisi tuna rangi ya kutukinga.

Fundi_Akala

Mimi nashona viatu na akala hapa Oile, miguu ya watu ndiyo kazi yangu. Sugu huwa na rangi ya manjano au kijivu, ni ngumu, na hukaa pale uzito unapolalia. Ukigeuza kiatu cha mtu utaona soli imelika mahali palepale sugu ilipo. Nikikwangua sugu naona ngozi tu, tabaka juu ya tabaka, haina mpaka mweusi na mpaka wa kahawia. Sijawahi kuona sugu yenye rangi mbili. Mimi si daktari, lakini hiyo ya mzee singeigusa na kisu changu.

Bidii_Bondo

Dada, utomvu wa papai bichi asubuhi na jioni. Ikigoma, tone moja la asidi ya betri kwa kijiti, linachoma mpaka kwenye mzizi. Chunjua ya mjomba iliondoka hivyo, hakuna hospitali wala foleni.

RastaManyatta

@Omera_Kondele eti ya wazungu? Bob Marley aliuawa na nini, malaria? Mwaka 1977 aligunduliwa ana melanoma, kansa ya ngozi, chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Watu walidhani ni jeraha la mpira, maana jamaa alipenda soka kupita kiasi. Madaktari wakashauri kidole kikatwe, akakataa kwa sababu ya imani yake. Wakatoa ukucha na nyama kidogo, wakapachika ngozi kutoka sehemu nyingine. Akafariki tarehe 11 Mei 1981, ana miaka 36, ikiwa imefika mapafuni na kwenye ubongo. Dreadi mwenyewe, si mzungu wa Karen.

Omera_Kondele

Baba yake si alikuwa mzungu? Umenipa pointi bila kujua.

RastaManyatta

Na jua liliingiaje ndani ya kiatu cha mpira mpaka chini ya ukucha? Nijibu hiyo kwanza.

Kliniko_Busia

Nimesubiri nitoke zamu nijibu vizuri. Mimi ni kliniko ofisa, nimefanya kazi kwenye kliniki ya ngozi upande huu wa magharibi. Simjui mzee na sijaona mguu, kwa hiyo sitatoa jina la ugonjwa hapa. Lakini nitasema kwa nini maelezo yako hayajanipendeza.

Kwanza tumalize ubishi wa Omera na Rasta. Wote wawili wana kipande cha ukweli. Melanoma ni kansa ya zile seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kwa wazungu hupatikana sana na jua huchangia pakubwa. Kwa sisi weusi ni nadra, kweli kabisa. Ila ikitupata, mara nyingi haiendi mgongoni wala mikononi. Inapenda mahali ambapo hata kwetu pana rangi kidogo: chini ya nyayo, viganjani, chini ya kucha, wakati mwingine ndani ya kinywa. Hiyo aina ya nyayo na kucha haisababishwi na jua, na mzungu, Mhindi au Mjaluo wanaweza kuipata vilevile. Rangi yetu inatukinga na aina moja, si zote.

Na unadra wake ndio unaotuponza. Mgonjwa anakuja na kifua, anapimwa kifua. Nani anamwambia avue viatu? Wengi hufika doa likiwa limeshageuka kidonda, mtoki umevimba kinenani, na kwa miezi mingi wamekuwa wakitibiwa fangasi, funza, jipu au kisukari.

Sasa kuhusu mzee. Baka la kawaida, lile ambalo karibu kila mtu mzima analo mahali fulani, lina tabia ya kuchosha: rangi moja, mpaka unaoeleweka, nusu ya kushoto inafanana na ya kulia, na mwaka huu liko vile lilivyokuwa mwaka jana. Umeandika kwamba la mzee lina rangi mbili, limechongoka upande mmoja, limepita milimita 6 ambazo sisi hutumia kama kipimo cha kushtuka, limekua, na limetoa damu. Damu ya wembe siihesabu sana. Kukua ndiko kunakonisumbua kuliko yote. Doa jipya, au doa la zamani linalobadilika, kwa mtu wa miaka 67, halisubiri.

Je, linaweza kuwa kitu kingine? Ndiyo, na naomba liwe. Damu iliyovilia chini ya ngozi baada ya kujigonga huonekana nyeusi, lakini husogea na kupotea kadiri ngozi inavyojibadilisha, haikai tangu mwaka juzi. Kuna fangasi fulani ambayo huacha doa la kahawia kwenye kiganja au wayo, lakini hiyo hupona kwa dawa ya fangasi ambayo mzee ameshaimaliza. Chunjua ya wayo huwa na vitone vidogo vyeusi ndani, ambavyo ni mishipa midogo ya damu, na hukatiza mistari ya ngozi. Kuna pia Kaposi, kansa nyingine inayoleta madoa kwenye ngozi, ambayo huku kwetu ni lazima ifikiriwe.

Daktari wa ngozi ana kioo cha kukuza chenye taa. Tazama wayo wako mwenyewe: una matuta na mifereji kama shamba lililopigwa jembe. Kwa kile kioo, rangi ikiwa imekaa ndani ya mifereji, mara nyingi ni baka lisilo na shida. Ikiwa imepanda juu ya matuta, hapo daktari hunyamaza kidogo halafu anaomba kipande.

Kipande ndicho cha kudai. Doa lote litolewe kwa sindano ya ganzi pamoja na ukingo mwembamba wa ngozi nzima, au kama ni kubwa mno kwa mahali lilipo, lichukuliwe toboo refu kutoka sehemu iliyo nyeusi zaidi au nene zaidi. Lisikwanguliwe juu juu, maana anayesoma maabara lazima apime kina. Halafu, na hili niandike kwa herufi kubwa: NYAMA ISITUPWE. Nimeona watu wanaotolewa "kinyama" kwenye kliniki ndogo, kinaingia kwenye ndoo ya taka, kidonda kinafungwa, na baada ya mwaka mtu anarudi hakuna anayejua kilikuwa nini. Kiingie kwenye chupa ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze, kiandikwe jina la mgonjwa, kiende kwa mtaalamu wa patholojia.

@Bidii_Bondo kaka, nakuheshimu, lakini asidi ya betri hapana. Kama ni chunjua utamwachia mzee kidonda. Kama ni kansa utachoma juu, kitu kitaendelea chini ya kovu, na maabara haitakuwa na cha kusoma. Wembe nao upumzike.

Bidii_Bondo

Nimekuelewa daktari. Lakini watu huku wanasema kisu kikigusa kansa inasambaa. Hilo nalo vipi?

Kliniko_Busia

Huwa naulizwa karibu kila siku ya kliniki. Kukata kipande kwa utaratibu hakusambazi melanoma. Imani hiyo ilitokana na watu kukatwa wakiwa wamechelewa, wanakufa miezi michache baadaye, kisha lawama inakwenda kwa kisu. Ugonjwa ulikuwa umesafiri kabla ya kisu kufika.

MamaTito_Nakuru

Jamani huu uzi umenitoa jasho. Mimi nina mstari mweusi kwenye ukucha wa kidole gumba cha mkono, umenyooka kutoka kwenye mzizi hadi ncha. Niko nao tangu nikiwa sekondari. Na usoni nimejaa vidoa vidogo vyeusi vilivyoinuka, mashavuni na karibu na macho. Shosho alikuwa navyo, mama anavyo, na dada yangu ameanza. Nilikuwa naviona urembo. Sasa nimekaa na kioo tangu asubuhi, ugali umeungua.

Kliniko_Busia

Mama Tito, pika ugali mwingine. Vidoa hivyo vya usoni vinavyorithiwa ni vya kawaida sana kwa watu weusi. Huongezeka kwa umri na havigeuki kansa. Mwigizaji Morgan Freeman anavyo usoni dunia nzima inaviona. Usikubali mtu wa saluni avitoe kwa dawa, na zile krimu za kung'arisha ngozi ziache kabisa. Nyingine zina zebaki, na zebaki huharibu figo.

Mistari kwenye kucha nayo ni ya kawaida kwetu, hasa ikiwa kwenye kucha kadhaa na imekaa miaka bila kubadilika. Uende ukaonwe kama mstari uko kwenye ukucha mmoja tu na unapanuka, hasa upande wa mzizi, au una rangi zisizolingana, au ukucha unapasuka, au weusi umetoka kwenye ukucha ukaingia kwenye ngozi inayouzunguka. Hiyo ya mwisho ni dalili mbaya. Wako umekaa tangu sekondari, ila kwa kuwa ni ukucha mmoja, piga picha leo, piga tena baada ya miezi mitatu, linganisha. Ukiona umepanuka, nenda.

Na mtu akijigonga kidole akapata damu chini ya ukucha, weusi unatakiwa usogee mbele ukucha ukikua. Ukucha wa mkono huchukua kama miezi sita kujibadilisha wote, wa mguu unaweza kuchukua mwaka na zaidi. Weusi usiosogea si wa kujigonga.

Ziwa_Homabay

Naongezea kuhusu Kaposi kwa sababu imepita nyumbani kwetu. Kaka yangu alianza na madoa mguuni, hayakuwa meusi ya wino, yalikuwa ya zambarau iliyoiva. Moja, halafu matatu, halafu mguu ukaanza kuvimba na kuwa mgumu. Watu wakasema chira, kuna mila aliivunja. Akazungushwa kwa waganga mpaka ng'ombe wawili wakaisha. Daktari mmoja kijana alimwambia afungue mdomo, akaona doa lingine kwenye kaakaa. Hapo ndipo alipopimwa virusi vya ukimwi na kukatwa kipande. Alianzishiwa ARV na dawa za kansa. Madoa yalififia, mguu ukapungua. Yuko, anavua, ana kelele kama zamani.

Kwa hiyo dada, mzee akienda, apimwe na virusi pia. Msione aibu kwa sababu ya umri wake.

Kliniko_Busia

Asante sana, umesema jambo ambalo ningelizunguka. Ndiyo, kipimo hicho kifanywe kama vingine. Kaposi huletwa na kirusi kingine, lakini hushambulia zaidi mwenye kinga iliyoshuka. Ila niseme pia kwamba kuna wazee wa Afrika wanaopata Kaposi miguuni bila ukimwi kabisa, tangu kabla ya ukimwi kujulikana. Mtu asihukumiwe kwa doa.

Mwana_wa_Mumias

Nami niingie kidogo. Mimi nina ualbino. Kila uzi wa kansa ya ngozi watu huuliza "na hawa je?" Kwetu sisi hadithi ni tofauti na ya mzee. Jua ndilo adui, na kansa zinazotupata zaidi si melanoma, ni zile za tabaka la juu la ngozi: kidonda usoni, sikioni, shingoni au mdomo wa chini, kisichopona, kinachotoka gamba na kurudi. Mimi nimeshatolewa kimoja nyuma ya sikio na niko sawa kwa sababu kilikuwa kidogo.

Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa losheni ya kuzuia jua bure kwa watu wenye ualbino waliosajiliwa, unachukulia hospitali zilizoteuliwa. Kuna wazazi kijijini hawajui hilo, wanampaka mtoto Vaseline halafu wanamtuma kuchunga ng'ombe saa saba mchana. Kofia pana, mikono mirefu, na mwalimu amruhusu mtoto akae kivulini wakati wa gwaride. Samahani kwa kuchepuka, lakini nikipata watu wamekusanyika nasema.

NyarAhero

Mwana wa Mumias usiombe samahani, kuna mtoto jirani yetu nitawaambia wazazi wake kesho.

Nimesoma yote. Nimemwonyesha mume wangu, ametoka nje kupiga simu na hajarudi. Sasa shida ni mzee. Jana alipoambiwa hospitali alijibu, "Mguu ni wangu na unanifikisha ninapokwenda." Tena sasa hivi mpunga umeanza kubeba, ndege wamejaa, na yeye ndiye msimamizi wa kuwinga. Hataki kusikia.

Jaduong_Siaya

Mama, nimeoza watoto na nimezika wenzangu, niruhusu nikushauri kimila.

Usimwambie wewe. Mume wako naye asimwambie mbele ya mama yake, mzee atasikia wameungana. Na neno kansa lisitamkwe kwenye boma kabla ya daktari kulitamka, kwa sababu mkilisema ninyi atasikia mnamtabiria kifo. Je, ana dada mkubwa aliye hai? Mzee wa Kijaluo anaweza kumkatalia mwanawe, mkewe na hata mchungaji, lakini dada yake mkubwa aliyembeba mgongoni ana njia zake. Mleteni huyo kwa matatu, aje kama anatembelea tu. Atakula, atauliza habari za mpunga, halafu ataomba kuona mguu. Atamalizana naye.

Kuhusu kukanyaga dawa: msibishane na mama mkwe. Mwambieni hata kama mtu alitega, hospitali itaosha mguu na kanisa litaombea yaliyobaki. Muhimu ni aende.

Omera_Kondele

Jaduong umenichekesha "ana njia zake". Shangazi yangu ni vivyo hivyo. Shemeji, nilikuja kwa mzaha mwanzoni, ila kuna kitu ninakijua: kama mnakuja Kisumu, pale Russia kuna kitengo cha kansa na wataalamu. Kwa wasio wa huku, Russia ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Njooni mapema, saa kumi na mbili mko getini. Nina boda, ninawachukua kutoka stendi bure siku hiyo.

Wakili_Kakamega

Kabla ya kusafiri hakikisheni SHA ya mzee, yaani bima ya afya ya serikali, iko hai. Kusajiliwa peke yake kunamtibu bure kwenye zahanati na kituo cha afya. Hospitali kubwa, upasuaji na matibabu ya kansa vinadai awe amelipa mchango. Kwa asiye na ajira kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima mara moja. Piga *147# uangalie. Wengi walidhani bima ya zamani, NHIF, ilijihamisha yenyewe Oktoba 2024 ilipobadilishwa, wakashtukia kaunta. Na mpate barua ya rufaa kutoka kituo cha karibu, itawapunguzia mzunguko.

NyarAhero

Taarifa kwa walioulizia kwenye ujumbe wa faragha.

Shangazi wa Nyakach alikuja. Sitasimulia yote, lakini alipouona mguu alimwita mzee kwa jina la utotoni ambalo sisi wote hatujawahi kulisikia, akamuuliza kama anataka amzike yeye, dada yake mkubwa, ilhali zamu si yake. Mzee akavaa viatu.

Tulipewa rufaa, tukaenda. Omera alitimiza ahadi, Mungu ambariki. Daktari alitazama na kile kioo chenye taa, na kweli alinyamaza. Akamkagua mguu wote, mtoki pande zote mbili, akamwambia afungue mdomo, akatazama kucha zote ishirini. Kipimo cha virusi hakikuonyesha kitu. Doa lilitolewa lote siku ya upasuaji mdogo. Mume wangu alisimama mlangoni kuulizia chupa mpaka muuguzi akamwonyesha jina lililoandikwa. Mzee alishangaa tu kwamba hakusikia maumivu, anasema mwiba huuma zaidi.

Majibu yametoka. Nanukuu kilichoandikwa na daktari kwa Kiswahili pembeni ya karatasi: melanoma ya wayo, kina milimita 1.3, haina kidonda juu, ukingo mmoja uko karibu. Anataka arudi kukatwa tena kwa upana. @Kliniko_Busia, kwa nini arudi kama imeshatoka yote? Na hiyo 1.3 ni nzuri au mbaya?

Kliniko_Busia

Pole kwa habari hiyo, na nampongeza shangazi.

Hiyo 1.3 ni kina kutoka juu ya ngozi hadi seli ya chini kabisa iliyoonekana. Ndiyo namba muhimu kuliko upana wa doa. Ikiwa chini ya milimita 1 tunaita nyembamba na wengi hupona kwa kukatwa tu. Ikipita 4 tunaingiwa na hofu kubwa. Mzee yuko kwenye daraja la pili kutoka chini, na kutokuwa na kidonda juu kunamsaidia. Si habari tamu, lakini wengi ninaowaona huwa wameshavuka hapo mbali.

Upasuaji wa kwanza ulikuwa wa kujua. Wa pili ni wa kutibu. Kwa kina hicho huondolewa ngozi nzima ya sentimita 1 hadi 2 kuzunguka kovu, kwa sababu seli chache zinaweza kuwa zimetambaa pembeni bila rangi ya kuonekana. Kisigino hakina ngozi ya kuvuta, kwa hiyo huenda wakapachika ngozi kutoka pajani. Mjiandae: hatakanyagia mguu huo kwa wiki kadhaa. Mtafute magongo mapema, na choo chenu kama ni cha kuchuchumaa mfikirie kiti.

Ulizeni kuhusu tezi za kinenani. Kwa kina cha mzee, palipo na uwezo hutafutwa tezi ya kwanza inayopokea maji kutoka mguuni, inatolewa na kupimwa hata kama haijavimba. Pasipo na uwezo huo hupigwa picha ya ultrasaundi na kupapaswa kila ziara. Mkipewa rufaa ya kwenda hospitali ya Moi pale Eldoret, msiende mikono mitupu. Beba nakala ya majibu, na uombe maabara kile kipande kilichogandishwa kwenye nta. Wataalamu wa huko watataka kukisoma wenyewe, na bila hicho mtarudishwa Kisumu kukifuata.

Baada ya hapo ni kukaguliwa kila baada ya miezi michache kwa miaka kadhaa. Mjukuu aliyeona wino aendelee na kazi yake ya kumwagia babu maji. Afundishwe tu kuangalia na mguu wa pili.

NyarAhero

Asante. Daktari ametoa tarehe ya Jumanne ijayo. Mzee sasa hapingi upasuaji, anapinga tarehe. Anasema ndege wanamaliza mpunga, asogezwe mpaka mavuno, kama mwezi na nusu hivi. Anauliza kama kuna ubaya.

Kliniko_Busia

Upo. Asisogeze.

Jaduong_Siaya

Mwambie mpunga una wenyewe wengi.

Fundi_Akala

Akishapona mniletee kipimo cha mguu. Nitamtengenezea kiatu chenye soli laini pale kwenye kovu, akala ngumu na gambuti vitamchubua. Hela tutaongea.

NyarAhero

Tumekubaliana hivi. Jumapili jioni mzee analala kwa shemeji yangu Nyalenda ili Jumatatu apimwe damu. Shangazi amesema anabaki Ahero kusimamia kuwinga ndege yeye mwenyewe, na ameshagombana na vijana wawili waliochelewa kufika shambani. SHA tumelipa ya mwaka. Magongo tumeazima kanisani, yamezidi urefu kidogo, mume wangu anayakata leo.

@Omera_Kondele Jumatatu saa kumi na moja na nusu asubuhi, pale pale stendi?

Omera_Kondele

Nitakuwa hapo saa kumi na moja. Mwambie mzee avae soksi safi, na wembe auache nyumbani.